Beki Wawili, Mtoto Mmoja

4 Februari

Mdogo wangu Pini,

Kabla ya yote, miguu ya bi mkubwa inaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aipake akiwa amekaa, asijitie ujana wa kuinama. Mjomba msalimie, na umwambie koti nililomwahidi nimeshalinunua, nangoja tu mtu wa kumbebesha. Mimi mzima. Huku baridi imekita kambi. Asubuhi tukiingia uwanjani nyasi zinavunjika chini ya viatu kama vigae. Jumamosi tulicheza na wanaoongoza ligi. Nahodha wetu alikuwa anatumikia kadi nyekundu, kwa hiyo kitambaa nilivaa mimi. Mshambuliaji wao ni mrefu kama mlingoti, anasifiwa mpaka magazetini. Nilimganda mechi nzima hadi akaniuliza kama nimetumwa na mama yake. Hatukufungwa. Na hilo jina langu la Komeo limeshika hata huku. Hawawezi kulitamka vizuri, lakini wanalipigia kelele hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye lililonikalia rohoni. Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunapandishiana sauti na Chiriku anasikia. Basi naandika, tena polepole. Siku ile tuliyoongea mara ya mwisho, kabla hujashika simu, nilimsikia mwanangu akiita, "Mama! Simu yako!" Hakusema mama mdogo. Alisema mama. Nilipokuuliza ukanijibu mtandao unakatakata. Mtandao haukuwa unakatakata, Pini. Nilisikia mpaka cherehani yako ikisimama.

Mimi ndiye niliyemzaa. Wewe ni mama yake mdogo, na hilo neno "mdogo" halikuwekwa pale kwa urembo.

Klabu imenipa nyumba ya vyumba viwili. Msimu ukiisha, mwezi wa sita, nakuja kumchukua aanze shule huku. Nenda naye ofisi ya pasipoti mwezi huu huu. Cheti chake cha kuzaliwa kipo kwenye sanduku la bi mkubwa, chini ya mashuka.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Komeo


3 Machi

Dada Komeo,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, ila huu ni msimu wa sare za shule, na mimi na cherehani tumekuwa kitu kimoja. Hata nikilala mguu unakanyaga. Bi mkubwa anajikongoja vizuri. Dawa anaipaka akiwa amesimama. Ukimwambia akae anakuuliza umesomea udaktari lini. Mjomba anauliza koti lina mifuko mingapi.

Chiriku ameng'oka jino la mbele. Lilipotoka hakulia. Alilia jioni, alipogundua kwamba hawezi tena kupiga mluzi. Siku hizi anasoma kwa sauti kila kibao tunachopita njiani, pamoja na vile visivyofaa kusomwa na mtoto. Amerefuka. Lile gauni ulilomtumia limeshakuwa blauzi.

Hongera kwa kitambaa cha unahodha. Habari zake zilikutangulia. Pale kwa kinyozi wa kona wamebandika picha yako umenyanyua mguu, na kila asubuhi mteja wangu wa kwanza anaingia na kuniambia, "Mdogo wake Komeo, nipunguzie hiki kiuno." Kibao cha duka kina jina langu kwa herufi nyekundu, kubwa hizo, lakini wapi. Dukani kwangu mwenyewe sina jina.

Kuhusu hilo neno. Mtoto husema linalomjia mdomoni. Sikumfundisha. Kumrekebisha pia sikumrekebisha, kama hilo ndilo unalouliza.

Nikukumbushe kidogo, dada. Tulikuwa beki wawili wa kati, wewe namba tano, mimi namba nne. Yule wakala alipokuja alitutaka wote wawili. Alisema tunacheza kama mlango na fremu yake. Chiriku alikuwa hata kukaa hajajua vizuri, baba yake ameshatimua vumbi, bi mkubwa amelazwa. Mmoja ilibidi abaki. Ukaniambia, "Mdogo wangu, mwaka mmoja tu." Huu ni mwaka wa saba. Wewe ulichukua mpira, mimi nikabaki na mtoto. Leo unataka vyote viwili. Mimi nibaki na nini? Sare za shule?

Ofisi ya pasipoti nimepita. Imefungwa, wanapaka rangi.

Mdogo wako,
Pini


11 Aprili

Pini,

Marahaba. Salamu kwanza, nisije nikaambiwa ulaya wa mpira umenitoa adabu. Bi mkubwa mpe mkono wangu. Mjomba mwambie mifuko minne, mmoja wa ndani.

Hayo ya mwaka mmoja, ndiyo, nilisema. Na wewe ulisema nini? Ulikuwa umekaa kizingitini umempakata, ukasema, "Nenda wewe, mimi huyu simwachi ng'o." Sikukunyang'anya kitu. Ulimng'ang'ania tangu siku hiyo. Mimi nilipanda ndege maziwa yanavuja kwenye fulana, nikapita ukaguzi nimekumbatia mkoba kifuani ili watu wasione. Hilo hujawahi kuniuliza hata siku moja. Unauliza mechi, unauliza baridi, maziwa hujayauliza.

Huku mambo ni ya kawaida. Kocha ananipumzisha kidogo kwa sababu ratiba imebana. Kuna binti kapandishwa kutoka timu ya vijana, ana miguu kama ya korongo, tunamwita Mshumaa. Anacheza beki wa kati. Wanamsifia kasi. Kasi anayo, akili ya kujua pa kusimama bado. Mama yake huja kila siku ya mazoezi na chupa ya chai, anakaa safu ya mbele na blanketi magotini, na binti akitoka uwanjani anavuliwa viatu kama mtoto wa chekechea. Wenzangu wanasema, jamani, wanapendeza. Mimi nikiwaona nageuza uso. Hata sijui ninayemwonea wivu zaidi ni yupi, binti au mama.

Nitumie picha za Chiriku. Tafadhali ziwe zake peke yake. Hizi za mwisho mko wawili kila mahali. Ile ya siku yake ya kuzaliwa una mkono wako begani kwake. Nilijaribu kuukata kwa mkasi, bega likaondoka nao.

Na hiyo rangi ya ofisini sasa imeshakauka.

Komeo


9 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua hii nimeichelewesha kwa makusudi, nisikudanganye. Bi mkubwa amepata kiti chenye mikono, anakaa uani kama hakimu na kila apitaye lazima aseme anakwenda wapi. Mjomba ameshaamua ule mfuko wa ndani atauwekea nini. Hataki kutuambia.

Jumapili iliyopita fundi redio, huyu jirani yetu, alipata mechi yenu kwenye televisheni yake kubwa. Mtaa mzima ukahamia kwake. Chiriku nilimsuka, nikamvika jezi yako, ikamfika visiginoni. Kikosi kikasomwa. Jina lako hatukulisikia. Fundi akasema labda msomaji karuka mstari. Kipindi cha pili kamera ikapita kwenye benchi, na wewe ulikuwepo, umejifunika koti mpaka puani, goti la kulia limefungwa bandeji nene.

Chiriku akauliza, "Kwa nini Mama wa Mpira hachezi?"

Ndivyo anavyokuita. Sikukwambia; sasa nimekwambia. Nikamjibu kwamba unapumzishwa. Nilitumia neno lako mwenyewe.

Sasa nitasema jambo, na ukitaka kunichukia nichukie. Nilipokuona benchi nilifurahi. Haikuwa furaha ya kupiga vigelegele. Ilinipanda kama kiungulia, ikashuka, nikatoka nje nikasimama mlangoni kwa fundi nikijiona mtu mbaya. Lakini ilipanda. Miaka yote hii nikiangalia mechi zako miguu yangu inacheza chini ya kiti. Mpira wa juu ukija najua utatoka kuufuata, najua mimi ningekuwa nyuma yako kuziba. Halafu namwona mwingine amesimama pale pangu. Safari hii nikamwona mwingine amesimama pale pako, na moyo ukasema, na yeye aonje.

Goti lina nini? Umeniandikia habari za mama wa mwenzako na blanketi lake. La goti hujagusa.

Picha nimetuma mbili. Peke yake alikataa kusimama. Hiyo unayomwona yuko peke yake, mimi niko nyuma ya mlango, ndiyo maana anaangalia pembeni.

Ofisini bado.

Pini


27 Mei

Pini,

Mjomba nimemwomba apite ofisini. Iko wazi. Haijawahi kufungwa. Rangi yenyewe, anasema, ni ya zamani na inabanduka.

Nafika tarehe 19 mwezi ujao. Usije kunipokea. Mwandae mwanangu.

Salamu kwa bi mkubwa.

Komeo


14 Julai

Dada Komeo,

Shikamoo, kama bado unaipokea kutoka kwangu. Bi mkubwa mzima, vile viatu laini ulivyomletea anaingia navyo hata kitandani. Mjomba anatembea na koti juani jasho linamtoka, ukimwambia avue anasema wewe huna mpwa aliye ng'ambo.

Uliondoka nikiwa nimekwenda kununua nyuzi. Niliporudi nikakuta kitanda chako kimetandikwa, Chiriku amekaa juu yake, na zile nguo zake ulizokuwa umezipanga kwenye begi zimerudi kabatini. Pasipoti uliyomtafutia ulipofika iko mezani kwa bi mkubwa. Umemwacha. Hukuniambia kwa nini, na mimi sikuwa na uso wa kukukimbilia barabarani kukuuliza. Wiki zote zile tuliishi chumba kimoja kama wagonjwa wa wodi moja: umeamkaje, salama, nipishe, asante.

Mtaani ile mechi inasimuliwa mpaka leo, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Nataka nikuandikie nilivyoiona mimi, maana hatukuizungumza.

Wanawake wa mtaa wetu na timu ya kiwanda cha nyuzi, wale wanaocheza ligi. Wenzetu wa mtaa walikuja nyumbani kukuomba ucheze walau nusu ya kwanza, na wewe ukafunga goti lako bila kuniangalia. Namba nne wetu hakutokea. Kocha akanitupia jezi. Sikuwa nimevaa viatu vya mpira tangu uondoke ile mara ya kwanza. Niliazima, vikanibana vidole.

Na dada, mle ndani tuliongea! Tuliongea zaidi ya wiki zote zile. "Yangu!" "Acha!" "Panda!" "Nyuma yako, Pini!" Ulipotoka kuufuata mpira niliziba, nilipoteleza uliuondoa. Wakijaribu kupita kulia wanakukuta, wakijaribu kushoto wananikuta. Nilisahau kwamba nimekukasirikia. Nilikuwa na furaha ambayo nilidhani imeshanihama.

Ndipo Chiriku, aliyekuwa amesimama mstarini karibu na kibendera cha kona, akapiga ukelele: "Mama!"

Wewe ukageuka. Mimi nikageuka. Binti mmoja wa kiwandani akapita katikati yetu na mpira wake kama anapita uani kwao, akafunga.

Kipa wetu, yule muuza mitumba, alitaka kulia. "Nyinyi wawili mnaangalia wapi?"

Ukasema, "Ameniita mwanangu."

Nikasema, "Aliniita mimi."

"Wewe ni nani wa kuitwa?"

"Muulize anayemwogesha!"

Pale pale katikati ya boksi, mbele ya watu. Mwamuzi akaja na kadi mkononi akasema tukitaka kugombana twende nyumbani. Wewe hukumsikiliza. Ulikwenda mpaka mstarini ukichechemea, nami nyuma yako, ukainama ukamuuliza mtoto, kwa upole ambao ulinichoma zaidi ya matusi, "Ulimwita nani, mama?"

Chiriku akatutazama kama watu tusio na akili. "Yeyote! Yule dada alikuwa anapita nyuma yenu!"

Watu walicheka. Wewe ukakaa kwenye nyasi, umeshika goti kwa mikono miwili, na sikujua unacheka au unalia. Nadhani wewe mwenyewe hukujua. Tangu hapo hukunigombeza tena, na siku zilizobaki ulikuwa mpole, na upole wako ukanitisha.

Kuna jambo jingine. Wiki hii kocha wa kiwanda alikuja dukani. Nilidhani anataka kushonewa. Anataka nikachezee timu yake msimu ujao, na kambi yao iko mji mwingine. Nilimwambia mimi ni mtu mzima, nina duka, nina mtoto. Nilisema "nina mtoto", lilinitoka hivyo. Akasema nifikirie. Tangu siku hiyo nashona vitu kinyumenyume; jana nimemtia mtu mfuko kwa nje ya mgongo. Naogopa hata kukuandikia, kwa sababu nimeonja utamu wa kitu ninachokijua kuwa ni chako.

Niambie la goti. Safari hii usinizungushe.

Pini


8 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, naipokea. Bi mkubwa mwambie akivaa viatu kitandani shuka azifue mwenyewe.

La goti ni hili. Kano imechanika, na ni mara ya pili. Daktari wa timu aliniambia mapema, kabla ya barua yangu ya Aprili. Alinionyesha picha kwenye kioo chenye taa, akaweka kidole, akasema hapa palipaswa kuwa na kitu. Klabu haikuongeza mkataba. Uongozi ulinipa mkono, ukanipa maua, ukataka funguo za nyumba. Nakuandikia kutoka chumba cha mwenzangu tuliyecheza naye. Masanduku yangu yamepangwa koridoni na kila anayekwenda chooni anayapiga teke.

Sasa jibu la kwa nini nilimwacha unalo nusu. Ningempeleka wapi, koridoni? Nilipopanda ndege kuja kwenu nilijua sina nyumba, na bado nilikuja nimekaza shingo kumchukua. Mpira ulikuwa unaniponyoka, nikaona angalau yeye nimkamate.

Nusu nyingine ni hii. Siku ile wewe ulipokwenda kununua nyuzi nilikuwa namchana nywele. Aliniletea kitana mwenyewe. Nilivuta, Pini, sijui kuchana nywele za mtoto, nilivuta mpaka machozi yakamlenga. Nikamuuliza, "Nakuumiza?" Akasema, "Hapana, asante." Asante! Na wewe ukimchana anapiga makelele mpaka bi mkubwa anatishia kuita polisi, anakuita mkatili, anakukimbia mzunguko mzima wa uani. Mimi ananistahi kama mgeni. Nilikuonea wivu kwa yale makelele kuliko nilivyowahi kukuonea kwa lile neno. Nikaona nikimpandisha ndege atakuwa ananiambia "hapana, asante" miaka mingapi? Nikazirudisha nguo kabatini, akanisaidia kuzikunja.

La kiwanda. Niliposoma pale niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, ndiyo maana jibu limechelewa. Nilikwenda kuangalia mazoezi ya timu yangu ya zamani, nikakaa kule juu. Mshumaa amejifunza pa kusimama. Nikawaza kwamba una magoti mawili mazima na mimi nina moja, na kwamba uliyatunza bila kujua unayatunzia nini, na nikakasirika kama vile umeniibia. Nakuandikia ukweli kama ulivyoniandikia wako wa benchi. Hata mle uwanjani niliona. Wewe ndiye uliyekuwa unaniziba. Mimi nilikuwa nachelewa kila mpira.

Nenda. Mimi narudi mwanzo wa mwezi ujao, nitakaa na mtoto na bi mkubwa. Usidhani nakupa ruhusa, huna haja ya ruhusa yangu. Naomba nafasi kwake, na najua nafasi hiyo inapatikana ukiondoka wewe. Ukiona nakusukuma nje ya nyumba, hujakosea sana.

Ila usiniambie mwaka mmoja. Niambie msimu, halafu tutaona.

Komeo


25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimesaini. Jina lilitoka kama la mtu mwingine. Cherehani nimemwachia mwanafunzi wangu, asiyejua bado tofauti ya kiuno na nyonga, lakini wateja watamfundisha.

Yale maziwa ya kwenye ndege. Nimekuwa nikiirudia ile sehemu ya barua yako tangu Aprili na sikuijibu kwa sababu sikujua niseme nini. Pole, dada. Imechelewa, lakini pole.

Chiriku nimemwambia. Akauliza kama huko kuna kibendera cha kona. Nikasema kipo. Akaniambia nisigeuke nikisikia mtu anaita. Baadaye nilimkuta chini ya meza ya kukatia vitambaa, amejifunika vipande, hataki kutoka. Nikaingia nikakaa naye humo.

Nywele anza kwenye ncha, na uzilowanishe kwanza. Atapiga makelele, asipopiga siku za mwanzo usivunjike moyo. Ugali wa baridi hali hata umpe fimbo. Akisema ana tumbo siku ya hesabu, hana tumbo.

Na kitandani analala upande wa ukutani, mimi wa nje. Wewe lala chumba kingine. Najua nimekosa adabu kumwamuru dada yangu mahali pa kulala. Lakini ule upande ni wangu, niachie.

Tutapishana njiani. Basi la timu linaondoka kabla ndege yako haijatua. Sijasikitika sana. Tukionana nitakataa kwenda.

Pini


17 Novemba

Kwa Mama Pini,

Ndilo jina lako siku hizi. Mimi ni Mama Komeo. Amegawa mwenyewe bila kutuuliza, na bi mkubwa kasema shauri limekwisha.

Bi mkubwa anakusalimu, anasema unakula? Mjomba amepoteza koti kwenye arusi ya watu na anasingizia bwana arusi. Mwanafunzi wako anashona vizuri isipokuwa mikono ya kushoto. Mimi goti limetulia. Jioni nawafundisha mabinti wa shule kusimama kwenye mstari mmoja na kutoka pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao akiwa ameotea. Wanatoka kila mmoja kwa wakati wake kama kuku wa kufungiwa.

Upande wa nje wa kitanda nilikuachia wiki mbili. Ya tatu alipata homa, nikalala pale. Sikuhama tena. Nimekwambia.

Juzi amenipigia kelele nikimchana. Aliniita mkatili. Niliingia jikoni nikasimama nyuma ya mlango nimeziba mdomo kwa kanga ili asinione ninavyocheka. Barua zako amezificha, hataki nizisome, anasema ni zake na wewe. Nimeona kona ya moja ikitokeza chini ya mto, na nimejizuia, lakini usiniulize nimejizuia kwa muda gani.

Jumamosi redio ilitangaza mechi yenu. Tulikaa uani, bi mkubwa kwenye kiti chake, fundi redio naye kaja na waya zake. Mtangazaji akaanza kulitaja jina lako. Jina lako kamili, Pini, lile la kwenye kibao. Beki fulani kauondoa, beki fulani tena, huyu dada ni nani, katoka wapi huyu? Mtaa mzima ukapiga makofi, na muuza mitumba akasema mbele yangu, "Kumbe Komeo ni dada yake huyu beki!" Hakuwa na nia mbaya. Nilihisi kama nimemeza kaa la moto. Nikasema naona mvua inakuja, nikatoka kwenda kuanua nguo. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu.

Nilikuwa nazikunja zikiwa bado mbichi Chiriku alipokuja. Alikuwa ameibeba redio ya fundi kifuani kwa mikono miwili, waya wa antena unaburutika mavumbini. Nyuma yake watu walikuwa wanamlalamikia. Akaiweka juu ya jiwe la kufulia, akaongeza sauti, akaniambia, "Utakosa kona yao, Mama Komeo. Njoo unieleze anasimama wapi."

Nikamweleza. Nilichukua vibanio vya nguo nikavipanga juu ya jiwe, huyu ni yeye, huyu ndiye anayepaswa kuwa nyuma yake, huyu adui. Unavutwa mno kulia, Pini. Mtangazaji hakusema, lakini nilisikia kwa jinsi mpira ulivyokuwa unarudi upande ule ule. Mwambie namba tano wako akuite. Usimngoje agundue mwenyewe. Krosi ya pili kutoka mwisho ulikuwa umechelewa, ila uliufikia. Mimi nisingeufikia.

Wivu bado ninao. Sikudanganyi, uko hapa naandika nao. Lakini nilisikiliza nimesimama, na shuka mbichi begani, mpaka filimbi ya mwisho.

Dada yako,
Komeo